Maswali ya Wasomaji: Je, kuchachusha chakula cha kuku kuna faida?

SWALI: Ninafuga kuku 12 wa mayai nyuma ya nyumba. Jirani yangu ananieleza kwamba tangu aanze kuchachusha chakula cha kuku wake, mfuko uliokuwa ukiisha kwa mwezi mmoja sasa unamtosha karibu miezi miwili, na kuku wake hawaugui tena. Mimi ninatumia chakula cha mayai kilichochanganywa kiwandani. Je, nami nikichachushe?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na mfuko, kwa sababu hapo ndipo jirani yako, pasipo kukusudia, anapokupotosha. Ukiloweka kilo 1 ya chakula kikavu katika lita 1.2 za maji, utapata kilo 2.2 za rojo zito, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni maji uliyoyatia mwenyewe. Kuku wa mayai aliyekomaa huhitaji takriban gramu 110 hadi 120 za chakula kikavu kwa siku. Ili azipate katika chakula kilichochachuka, hana budi kula gramu 240 hadi 265. Mfugaji anayeendelea kuwapimia kuku uzito uleule aliouzoea ataona mfuko ukidumu mara mbili, naam, lakini kuku wake watakuwa wakila nusu ya haki yao, na muda si mrefu kikapu cha mayai kitamwambia hivyo.

Hata hivyo, upo uokoaji wa kweli, ingawa ni mdogo. Chakula kikavu kilichosagwa hupeperuka, humwagika kuku anapokipekua kwa mdomo, na unga wake laini, ambao ndio wenye sehemu kubwa ya vitamini na madini yaliyoongezwa, hubaki chini ya kilishio bila kuliwa. Chakula chenye majimaji hushikana, kikaliwa chote. Tena nafaka huficha sehemu kubwa ya fosforasi yake katika asidi ya fitiki, ambayo kuku hawezi kuivunja vizuri; uchachukaji huifungua kwa kiasi fulani, hata kinyesi kikabeba fosforasi kidogo zaidi.

Kuhusu afya, bakteria wa asidi laktiki, walewale wanaogandisha maziwa, hushusha pH ya chakula (kipimo cha uchachu, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) hadi chini ya 4.5, na katika uchachu huo vijidudu kama Salmonella hupata shida kuzaliana, ndani ya ndoo na hata katika gole la kuku. Hilo ni jambo jema. Lakini kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, ni ugonjwa wa virusi, na hakuna chakula kinachoukinga. Jirani yako asiache chanjo kwa kuitegemea ndoo.

Sasa chakula chako cha kiwandani. Kwa maoni yangu, usijisumbue kukichachusha. Chakula cha mayai huwa na chokaa nyingi kwa ajili ya maganda, kiasi kwamba kalsiamu pekee hukaribia asilimia 4, na chokaa huizimua asidi mara tu inapotengenezwa; matokeo yake ni kwamba rojo hukaa muda mrefu bila uchachu wa kutosha, hali ambayo vijidudu waharibifu huipenda sana. Aidha, lisini (kijenzi cha protini) iliyoongezwa kiwandani huweza kuliwa na bakteria kabla kuku hajaionja. Ukitaka kupunguza vumbi tu, kinyunyizie maji muda mfupi kabla ya kuwapa, basi.

Kazi hii humfaa zaidi mfugaji anayechanganya chakula mwenyewe kwa nafaka nzima au zilizoparazwa. Huyo aloweke nafaka bila chokaa, na chokaa au maganda ya chaza yaliyosagwa ayaweke katika chombo cha pembeni ili kila kuku ajichukulie. Nawe ukipenda kuchachusha nafaka kidogo za kuwaongezea kuku wako, zisizidi sehemu moja ya kumi ya mlo wao, la sivyo utapunguza protini uliyoilipia.

Anayechachusha atumie chombo cha plastiki, kioo au udongo. Ndoo ya bati haifai, kwa sababu asidi huyeyusha zinki iliyopakwa juu yake, na zinki ikizidi humdhuru kuku. Maji yafunike nafaka kwa vidole viwili au vitatu, na yaongezwe kila zinapovimba, kwa kuwa punje iliyochomoza juu ya maji ndiyo huota ukungu kwanza. Kifuniko kisibane sana ili gesi ipate njia ya kutokea. Katika joto la nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi, siku mbili au tatu hutosha: utaona mapovu yakipanda, na harufu itakuwa ya uchachu safi kama wa maziwa mgando. Harufu ya uozo, au ukungu wa rangi yoyote, maana yake ni kumwaga vyote. Usikwangue juu na kuwapa kuku kilichobaki. Wala nafaka iliyokwisha kuota ukungu ghalani haisafishiki kwa njia hii, kwani huwezi kutegemea uchachushaji kuondoa sumukuvu.

Wape kiasi watakachokimaliza kwa saa chache, kisha uoshe kilishio. Hapa ndipo wengi huchoka: kazi ni ya kila siku, na ukiiacha siku moja, nzi hawataiacha.

SWALI: Je, vifaranga nao wanaweza kupewa?

JIBU: Subiri waote manyoya. Chakula chenye majimaji huwagandia mwilini, wakapata baridi. Na kama chakula chao kina dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo wa kuku), kisichachushwe kabisa, maana hutajua ni kiasi gani cha dawa kimebaki wala kila kifaranga amepata kiasi gani.