Jibu: Bakshishi na mshahara wa dola 2.13 kwa saa

Habari ndugu. Umeuliza kama ni haki mgahawa wa Texas kukulipa dola 2.13 kwa saa kwa hoja kwamba bakshishi itajazia, na kama kweli bakshishi huboresha huduma. Kiwango hicho ni halali kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, nacho hakijabadilika tangu 1991. Hata hivyo, mshahara na bakshishi vikijumlishwa visipofikia dola 7.25 kwa saa, mwajiri analazimika kulipa pengo hilo. Kwanza kabisa chukua hati yako ya mshahara, ugawanye jumla ya wiki kwa saa zote ulizofanya kazi, zikiwamo zile za kufagia na kupanga meza kabla ya wateja kuingia, ambazo mimi nilizisahau kwa miezi kadhaa. Kisha angalia ni nani wanaogawiwa bakshishi, kwa kuwa tangu 2018 sheria inamkataza meneja kujichotea katika bakshishi za wahudumu. Kuhusu huduma, nilihudumia meza kwa miaka minne, na kipato changu kilitegemea zaidi zamu ya Jumamosi usiku kuliko tabasamu langu. Mwenzangu wa Jumanne mchana alijituma vilevile, akaondoka na sarafu.