Mlangoni kuna mteremko, jukwaani kuna ngazi nne

Ukumbi ulikuwa na mlango mpana na mteremko mzuri, na chooni kulikuwa na vyuma vya kushikia. Nilipopiga simu niliambiwa hakuna shida, watu wenye ulemavu wanakuja kila wiki. Siku ya onyesho tukafika sita, wawili kwenye viti mwendo vya umeme, mimi na magongo yangu, tukakuta jukwaa lina ngazi nne. Kijana wa ukumbi alishangaa kwelikweli, maskini. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba sisi ndio tutakaopanda. Kwake yeye mlemavu ni mtazamaji.

Tukacheza chini, sakafuni, taa zote zikimulika jukwaa tupu juu ya vichwa vyetu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, polio ilinipata utotoni, na huu ni mwaka wa tisa niko Oakland, California. Kikundi chetu ni kidogo: watu weusi, Wameksiko, Mfilipino mmoja, kila mtu na ulemavu wake, tunaigiza na kughani mashairi. Haupiti mwezi bila mdogo wangu mmoja wa Tanga au Dar kuniandikia: dada, nataka kuanzisha kikundi kama chenu, nianze na nini? Anategemea nimwambie habari za hadithi au mavazi. Namwambia chukua futi kamba, nenda kapime ngazi. Na ukiongea na wenye ukumbi usiulize kama wanapokea walemavu, maana watakwambia ndiyo. Uliza mwigizaji wa kiti mwendo anapanda jukwaani kupitia wapi, na anabadilishia nguo wapi.

Jambo la pili ni hela. Mkalimani wa lugha ya alama muandike mstari wa kwanza wa bajeti, juu ya mabango, juu ya vipaza sauti. Na onyesho likiwa refu unahitaji wawili wapokezane, mikono na akili vinachoka. Sisi mwaka wa kwanza tulimweka mwishoni, na kilichoko mwishoni ndicho kinachokatwa. Mwenzetu kiziwi alihudhuria mazoezi mawili akijaribu kusoma midomo yetu. Ya tatu hakuja, na hakurudi tena.

Halafu chakula. Msicheke. Aprili 1977, hapa ng'ambo ya pili ya ghuba, San Francisco, watu zaidi ya mia moja wenye ulemavu waliingia kwenye jengo la serikali kuu wakakataa kutoka, wakidai waziri asaini kanuni za kifungu cha 504, kile kinachokataza ubaguzi dhidi yao popote penye fedha za serikali kuu. Sheria yenyewe ilipitishwa 1973, kanuni zikakaliwa miaka minne. Walilala humo zaidi ya wiki tatu. Simu zilipokatwa, viziwi ndio waliopeleka habari nje, kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Na chakula cha moto kililetwa kila siku na Black Panther, chama cha kupigania haki za watu weusi, kutoka huku Oakland, kwa sababu mwanachama wao Brad Lomax, kijana mweusi wa kiti mwendo, alikuwa mle ndani. Aprili 28 kanuni zikasainiwa. Huwa naitazama ile sufuria kuliko hotuba. Mtu anayemeza dawa saa sita kwa chakula hawezi kukaa nanyi mpaka saa tisa kwa soda na mkate, awe na moyo wa simba. Kwa hiyo kwetu mazoezi huanza na wali, kisha maneno.

Wengi wa vijana wanaoniandikia wanataka mlezi, mheshimiwa fulani mzima wa mwili awe mwenyekiti ili milango ifunguke. Naelewa, nauli hailipwi kwa heshima. Ila hapa nimejifunza kwa Sins Invalid, kikundi cha maonyesho kilichoanzishwa na Patty Berne, mtu wa asili ya Japani na Haiti, pamoja na Leroy Moore, mshairi mweusi mwenye mtindio wa ubongo. Wao waliweka mbele wasanii wenye ulemavu wasio weupe, na wapenzi wa jinsia moja, ambao hata vyama vya walemavu vilikuwa vikiwaweka nyuma. Moore huyo huyo akaanzisha Krip-Hop Nation, mtandao wa wanamuziki wa hip-hop wenye ulemavu, akilichukua tusi la Kiingereza la kuwaita watu viwete na kulivalia kama kofia.

Sisi tusi letu tunalibeba kwenye ngeli. Mwalimu wangu wa darasa la tano alinieleza kwamba kiwete, kiziwi na kipofu wamo kwenye ngeli ya vitu, darasa likacheka. Nilikaa na hilo miaka mingi, mpaka siku moja nikiwa kwenye basi likanijia: hata kiongozi yumo humo humo.

La mwisho linanihusu mwenyewe, na bado linaniuma kidogo. Mazoezi yangu ya kwanza nilikwenda nimejifukiza udi kama mtoto wa watu, khanga na nywele vinanukia. Dakika kumi, dada mmoja akaanza kukohoa, akatoka nje, hakuweza kurudi. Kumbe manukato yanamfunga kifua, na tangazo lilikuwa limesema msijipulize kitu. Nililisoma, nikadhani linawahusu wenye pafyumu za dukani. Nilikasirika, jamani, nikaona wananitaka niache kwetu mlangoni. Na mimi ndiye wa ngazi nne!

Sasa udi nafukiza Jumamosi usiku tu. Mazoezi ni Alhamisi, na khanga ya mazoezi inakaa kwenye mfuko wake, mbali na kabati.