Chumba cha kushonea kimepungua kwenye hesabu za kodi

Dada yangu wa Nkuhungu, umeuliza kwa nini chumba unachoshonea nyumbani kilihesabiwa gharama ya sh. 900,000 mwaka 2024, halafu 2025 ikawa 450,000 tu. Usiogope, hujakosea. Chumba ni mita 12 za mraba katika nyumba ya mita 48, yaani robo. Pango ni 300,000 kwa mwezi, 3,600,000 kwa mwaka. Robo yake ndiyo ile 900,000. Ila umesema mwenyewe kwamba tangu Julai 2025 mwanao analala humo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inataka gharama iwe ya biashara tupu, si ya nyumbani, ndiyo maana miezi 6 imetoka.

Umeme nao usiukate robo kwa mazoea. Pasi yako ya kunyooshea magauni inakula LUKU kuliko taa zote za sebuleni. Funga mita ndogo ya chumba hicho, uandike usomaji kila mwisho wa mwezi. Risiti za pango zitunze, tafadhali sana.

Lakini kwanza angalia: unalipa kwa makadirio ya mauzo, yaani kodi inayopigwa kwenye mauzo ya mwaka, si kwenye faida? Basi gharama hizi hazipunguzi kodi yako hata kidogo.