Tim Russert na kile kibao chake cheupe

Mmeuliza wiki hii, mtangazaji gani wa siasa kwenye tivii alikuwa anaijua kazi yake kweli kweli. Mi sifikirii mara mbili, ni Tim Russert wa NBC kule Marekani, aliyekuwa anaendesha Meet the Press, kipindi cha mahojiano ya siasa, kila Jumapili kuanzia 1991 mpaka anafariki 2008.

Wengi wanamkumbuka kwa usiku wa uchaguzi wa 2000, yaani studio nzima imejaa magrafu ya kompyuta, yeye kashika kikibao cheupe na maka peni, anajumlisha, anafuta, anaandika tena, mwisho anaandika Florida, Florida, Florida, yaani jimbo hilo ndo litaamua nani awe rais. Na kweli mambo yakaja kuishia hukohuko, Bush akapita Florida kwa kura 537 tu na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu.

Lakini mi nachompendea zaidi ni alivyokuwa anamsoma mgeni wake kabla hajakaa naye. Alikuwa anachimbua ulichosema miaka kumi nyuma, anakiweka kwenye skrini, maneno yako mwenyewe na tarehe yake, anakisoma hajapandisha sauti wala nini, halafu anataka umweleze umebadilika kwa nini. Sasa hapo utamlaumu nani wakati maneno ni yako? Siri hiyo alipewa na Lawrence Spivak, mmoja wa waanzilishi wa kipindi, kwamba mjue mgeni na misimamo yake yote, halafu we kaa upande wa pili.

Na huyu wala hakuanzia kwenye uripota, alikuwa mwanasheria, akawafanyia kazi Seneta Moynihan na Gavana Cuomo, wote wa chama cha Democrat, ndo akaingia NBC 1984. Ungedhani atawabeba wenzake, lakini nao walitoka jasho kwenye kile kiti sawasawa na wapinzani wao wa chama cha Republican, na kwangu hilo ndo kubwa kuliko hata kibao.

Alianguka palepale ofisini Washington, tarehe 13 Juni 2008, akirekodi sauti za kipindi cha Jumapili inayofuata, ana miaka 58 tu. Iliniuma sana. Novemba ile Obama na McCain wanahesabiwa kura, zile ramani za kugusa kwa kidole zinawakawaka, mi nawaza tu Russert angeandika jimbo gani.