Usikate pambizo: maswali yenu kuhusu katuni za mkono

Tangu nilipoeleza hapa kwamba nakusanya planshi, yaani kurasa za katuni zilizochorwa kwa mkono kabla ya kwenda kwa mchapaji, ujumbe wenu haujakatika. Leo najibu sita, mengi kutoka mitaa ya hapa Lubumbashi.

Nimenunua ukurasa wa katuni mjini. Muuzaji aliapa kwamba ni wa mkono, si fotokopi. Nitajuaje? (Msomaji, Katuba)

Yaya, utoe kwenye plastiki, uusogeze karibu na dirisha, kisha uazime lupu, kile kioo cha kukuzia, kwa fundi saa. Ukurasa uliotoka kwenye mashine ya uchapaji hupata rangi ya kijivu kwa vidoti vidogo vilivyopangwa safu kwa safu. Fotokopi nayo ina weusi wa aina moja, bapa, kana kwamba umepakwa mara moja tu. Wino wa China, ule mweusi wa wachoraji, haufanyi hivyo. Mstari wa brashi hunenepa na kukonda kadiri mkono ulivyokandamiza, na mahali palipojazwa weusi utaona mipigo ikipandana. Inamisha karatasi kidogo: sehemu moja itang'aa, nyingine itafifia.

Usihukumu kwa vidoti peke yake. Wachoraji wengi wa magazeti, kabla ya kompyuta, walibandika filamu nyembamba yenye vidoti tayari ili kupata kivuli. Pitisha ukucha taratibu. Filamu ina ukingo unaousikia kidoleni, na gundi yake mara nyingi imeshageuka manjano.

Baada ya hapo tafuta makosa. Penseli iliyofutwa nusunusu chini ya wino, rangi nyeupe iliyofunika pua iliyokosewa, kipande cha karatasi chenye maneno mapya kilichobandikwa juu ya maneno ya zamani. Pima na ukubwa wake, kwa sababu wengi huchora kubwa kuliko itakavyochapwa, na picha ikipunguzwa mistari hukaza.

Halafu kuna pambizo, na hapa niruhusu nikae kidogo. Planshi yangu ya kwanza nilinunua kwa mchoraji wa Kamalondo. Inaonyesha mtu wa baiskeli ya makala, yaani makaa, akiingia mjini alfajiri, magunia yamempita kichwa, na mama muuza mandazi anamwita kutoka ng'ambo ya barabara. Kwenye pambizo ya kushoto mchoraji alikuwa ameandika kwa penseli asilimia ya kupunguza picha, na chini yake alijaribu uso wa yule mama mara tatu. Wa kwanza amekasirika. Wa pili anacheka. Wa tatu amefumba jicho moja kwa sababu ya moshi, na ndio huo uliopata wino kwenye picha ya nne. Nilipeleka planshi kwa fundi wa kadri, yaani fremu za picha, bila kumweleza lolote. Kadri ilikuwa ndogo, basi akachukua wembe na rula akakata pambizo zote nne, zikabaki sawasawa kabisa. Alidhani ni uchafu. Nilipiga magoti kwenye takataka za karakana yake nikaokota vipande. Uso wa kwanza na wa tatu ninao, kwenye bahasha nyuma ya kadri. Ule unaocheka sikuupata.

Kwa hiyo, kama ukurasa wako una pambizo zenye alama za mchapaji, vipimo au michoro ya kujaribu, hapo una ushahidi mzuri kuliko kiapo cha muuzaji. Wala usimpe fundi bila kumwambia kwa mdomo wako: usikate kitu.

Marehemu mume wangu aliacha albamu ya katuni yenye saini, kichwa kidogo kilichochorwa, na maneno ya kumtaja yeye kwa jina. Mjukuu anasema jina hilo linashusha bei. Tulifute? (Mama, Golf)

Mama, pole sana kwa kuondokewa. Msifute chochote.

Hiyo ndiyo dedikasi. Kwenye desturi ya katuni za Ubelgiji na Ufaransa, ambayo wachoraji wetu wameirithi, msomaji anapanga foleni, mchoraji anauliza jina, kisha anachora mbele yake. Ni kweli wapo wanunuzi wanaopenda saini isiyo na jina la mtu. Lakini jina la mzee linaonyesha kwamba kitabu hiki kiliwekewa saini kwa ajili ya mtu fulani, wala si saini iliyochapwa pamoja na kitabu kizima. Mkitaka uhakika zaidi, fungueni ukurasa wa nyuma yake mpapase. Kalamu ya bic huacha mfereji kwenye karatasi, uchapaji hauachi. Na palipofutwa, mnunuzi hupaona mara moja, kisha anaanza kuwatilia shaka hata kwa kilichobaki.

Kama kuna picha au tiketi ya siku ile, iwekeni ndani ya albamu. Andikeni pia mzee alikutana na mchoraji wapi, wakati bado mnakumbuka.

Niplastifie mchoro wangu kama tunavyoplastifia diploma? (Msomaji, mtaa wa Kenya)

Hapana, hata kidogo. Ile mashine hutumia moto na gundi, na ikishashika karatasi haiachi tena. Weka mchoro ndani ya karatasi safi isiyo na asidi, ulale bapa kwenye shemizi ngumu, yaani jalada la kuwekea karatasi, juu ya kabati, mbali na sakafu ambako mchwa hupanda. Usitumie skochi, ile tepu ya gundi. Kuanzia Novemba mvua zikishika, usiutundike kwenye ukuta wa nje. Jua la dirishani nalo ni adui: wino wa China huvumilia, lakini kalamu za rangi, zile za feltro, hupauka mbele ya macho yako.

Ni kweli kuna katuni zinauzwa mamilioni ya dola? Na za Wakongo je? (Msomaji, Likasi)

Ni kweli. Januari 2021, mnadani Paris, picha ambayo Hergé, Mbelgiji aliyebuni Tintin, aliichora mwaka 1936 kwa ajili ya jalada la albamu ya Le Lotus bleu iliuzwa takriban euro milioni 3.2. Haikutumika kama jalada kwa sababu kuichapa kwa rangi zote kungekuwa ghali mno. Ina alama za mikunjo, maana iliwahi kukunjwa ikawekwa kwenye droo.

Kwa muda mrefu wachapishaji wengi duniani waliona planshi ni kitu kilichokwisha kazi: picha ikishapigwa, karatasi inatupwa au anapewa yeyote aliyepita. William Gaines, mwenye gazeti la MAD huko Marekani, anakumbukwa na wakusanyaji kwa sababu alizitunza. Sisi tulikuwa na jarida la katuni Jeunes pour Jeunes la Kinshasa tangu miaka ya 1960, lililokuja kuitwa Kake. Hapa Lubumbashi, mwaka 1989 ilitoka albamu ya katuni Alerte à Kamoto, hadithi ya mwandishi Pie Tshibanda. Ukiona hata ukurasa mmoja wa mkono kutoka kazi za namna hiyo, usiulize kwanza bei. Uliza umetoka kwa nani.

Papa Mfumu'Eto, mchoraji aliyeuza vijitabu vyake vya katuni vya Kilingala kwenye barabara za Kinshasa, alionyeshwa Paris mwaka 2015 katika maonyesho ya Beauté Congo, na sehemu kubwa ya karatasi zake sasa imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida. Nafurahi kwamba ziko salama. Inaniuma pia kwamba mtoto wa Kongo anayetaka kuziona mkononi lazima apande ndege.

Nina mchoro wa asili. Naweza kuuchapa kwenye tisheti niuze? (Msomaji, Bel-Air)

Huwezi bila ruhusa. Umenunua karatasi, haki ya kunakili imebaki kwa mchoraji. Sheria yetu ya haki za mtunzi ni ya tarehe 5 Aprili 1986, na inamlinda yeye na warithi wake hata miaka 50 baada ya kufa. Mtafute, mwandikiane makubaliano.

Nina dola 30 tu. Nianzie wapi? (Msomaji, Kolwezi)

Anza na mchoraji aliye hai, karibu nawe. Nenda kwake, usingoje mnada. Muulize kwanza kama anachora kwenye karatasi au kwenye tableti, maana siku hizi wengi wamehamia tableti. Kama ni tableti, hakuna planshi. Atakuuzia nakala aliyoitia saini, nayo ni kitu kizuri ila bei yake ni nyingine.

Kama ni karatasi, omba akuonyeshe mafungu ya chini, yale anayoyaona hayana maana. Wengi wanatunza planshi nzuri juu na kuacha rasimu chini ya kitanda, na dola 30 inaweza kutosha kwa rasimu. Usimbane bei, anaishi kwa mkono huo. Mwambie atie saini kwa penseli, aandike na mwaka. Kisha, kwenye karatasi ya pembeni, andika anachokwambia: ilitoka gazeti gani, nani aliyechorwa, kwa nini alibadilisha picha ya tatu. Hayo ndiyo nisiyoyauliza Kamalondo siku ile, na mchoraji wangu ameshafariki.