Re: Kadi ya chakula ukihama jimbo

Dada, umeuliza kama kadi yako ya EBT (kadi ya kununulia chakula cha msaada) ya Texas itagoma ukihamia Ohio. Haigomi. Pesa za SNAP, yaani msaada wa chakula wa serikali ya Marekani, zinatumika majimbo yote 50, kwa namba ya siri ileile, hata ukisimama Arkansas njiani kununua maziwa ya watoto. Salio lililobaki ni lako.

Kasheshe iko kwenye kuhama kwenyewe. Huruhusiwi kupokea msaada huu kutoka majimbo mawili mwezi mmoja, na kompyuta za majimbo zinaonana. Pigia Texas wafunge faili, dai barua ya kufungwa, ndipo uombe upya kwenye ofisi ya kaunti utakayokaa. Jibu ni ndani ya siku 30. Kama huna kitu kabisa, omba huduma ya haraka, ambayo ni ndani ya siku 7.