Samani za bibi: someni mbao kabla ya kushika msasa

SWALI: Ndugu mtaalamu, mume wangu amerithi kutoka kwa bibi yake samani tatu zilizokuwa katika nyumba ya shambani huko Pennsylvania, Marekani: kasha kubwa lenye rangi ya buluu iliyobabuka, kabati la chakula ambalo milango yake ni ya bati lililotobolewa matundu, na benchi refu. Wazee wa familia husema zote ni za miaka ya 1700. Fundi mmoja anatushauri tuzipige msasa na vanishi kabla ya kuziuza. Tutajuaje umri wake wa kweli, na thamani yake hupimwaje?

JIBU: Ndugu msomaji, naanza na lile lisiloweza kusubiri, yaani fundi na msasa wake. Tafadhali msimruhusu aguse chochote. Samani sahili za namna hii zilitengenezwa na maseremala wa vijijini, na wakati mwingine na wenye nyumba wenyewe, kwa mbao za kawaida kama msonobari, kisha zikapakwa rangi. Wanunuzi wake hawatafuti mng'ao, bali wanatafuta rangi ya kwanza pamoja na uchakavu ulioachwa na mikono ya vizazi kadhaa, na ngozi hiyo ikishaondolewa hakuna ufundi wa kuirudisha. Nimewahi kuletewa kasha lililokwanguliwa hadi mbao nyeupe kwa nia njema kabisa, na sehemu kubwa ya thamani yake ilikuwa imebaki kwenye vumbi la karakana.

Kuhusu umri, kumbukumbu za familia ni za kuheshimiwa, lakini ushahidi uko mahali ambapo fundi wa kale hakutarajia mtu atazame: mgongoni, chini, na ndani ya droo. Chukueni tochi, muimulike mbao kwa ubavu. Alama za msumeno zilizonyooka ni za msumeno wa mkono au wa kinu cha kupasulia mbao uliopanda na kushuka, ilhali alama zilizopinda kama upinde ni za msumeno wa duara, ambao ulienea katika vinu vya Marekani kuanzia takriban miaka ya 1830. Mkipitisha kiganja juu ya ubao wa mgongoni mkahisi mawimbi mepesi, hiyo ni kazi ya randa ya mkono.

Misumari nayo husema mengi. Ule uliofuliwa na mhunzi hupungua unene pande zote nne na kichwa chake huwa na alama za nyundo. Uliokatwa kwa mashine, ambao ulianza kutumika miaka ya 1790, hupungua pande mbili tu. Na ule wa waya, wa mviringo kama tunaoutumia leo, ulitawala kuanzia miaka ya 1890. Skrubu yenye ncha kali kwa kawaida ni ya baada ya mwaka 1846. Hata hivyo msihukumu kwa msumari mmoja, kwa sababu samani hutengenezwa upya mara nyingi katika maisha yake. Jiulizeni kama msumari uko katika tundu lake la asili na kama kutu yake imelitia weusi ubao unaouzunguka. Kanuni ninayoifuata ni kwamba samani haiwezi kuwa ya kale kuliko kitu kipya zaidi alichokiweka fundi wake wa kwanza.

Mbao pia husinyaa kwa upana na si kwa urefu. Kwa hiyo, ikiwa miguu ya benchi lenu ni ya mviringo, ipimeni kipenyo kwa pande mbili: mguu wa kale huwa umekuwa na umbo la yai kidogo. Kwenye kasha, tazameni nyufa za kifuniko. Rangi ya buluu ikiwa imeingia ndani ya ufa, ilipakwa baada ya mbao kupasuka, na hivyo huenda si ya kwanza. Angalieni pia kama miguu ya kasha ni ya asili, kwa maana ndiyo huoza na kubadilishwa mapema.

Kwa kabati, nalazimika kuwapinga wazee kwa heshima. Makabati yenye bati la matundu, ambayo yalipitisha hewa na kuzuia nzi, kwa jumla ni ya karne ya 19. Hilo halipunguzi uzuri wake, na kama matundu yanachora nyota au ndege badala ya duara tupu, wanunuzi hulipenda zaidi.

Thamani haina tarakimu moja. Ya bima, yaani gharama ya kupata kingine kama hicho dukani, kwa kawaida ndiyo ya juu. Ya soko huria ni ile ambayo mnunuzi na muuzaji wasioshurutishwa wangekubaliana. Na mchuuzi atatoa chini ya hapo kwa kuwa naye lazima apate faida. Kwa mirathi nchini Marekani, kodi huangalia thamani ya soko ya siku marehemu alipofariki, hivyo tunzeni maandishi ya tathmini. Mtafuteni mthamini anayefuata kanuni za kitaaluma za uthamini nchini Marekani, ziitwazo USPAP, ambazo zinamkataza kulipwa kwa asilimia ya thamani anayoitaja, na msimtegemee kwa bei mtu ambaye anataka kununua. Mpeni pia picha za zamani, barua na wosia, kwa kuwa samani yenye historia iliyoandikwa huuzika vizuri kuliko isiyojulikana ilikotoka. Mjue pia kwamba bei za samani za kale zisizo na rangi wala mapambo zimeshuka sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kasha lenye rangi yake ya asili ndilo ninalolitumainia zaidi kati ya hayo matatu.

Kwa sasa futeni vumbi kwa kitambaa laini kikavu, bila mafuta, na muweke samani mbali na kipasha joto. Unga mpya chini ya vitundu vya mbao ni dalili ya wadudu walio hai. Rangi za kale mara nyingi zina risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo hata kama benchi litaonekana halina bei kubwa, msasa usiliguse, na watoto wasilale wala kulia chakula juu yake mpaka rangi hiyo ipimwe.